Miaka tisa kwenye asasi ya kulinda ardhi ya malisho: ulizeni, nitajibu

#1 Vumbi la Simanjiro (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki jana kuna mtu aliuliza humu: hivi hawa jamaa wa asasi za uhifadhi wa ardhi kule Arusha na Manyara wanafanya nini kutwa nzima, mbali na kupiga picha na kuchoma mafuta ya Landkruza? Majibu mengine yalinichekesha, mengine yaliniuma kwa sababu yana ukweli ndani yake. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa. Nimeacha mwaka juzi kwa hiari, tuseme nusu hiari. Jina la asasi sitaji, na PM msinijazie.

Kwanza mjue kinacholindwa ni nini. Hifadhi ya Tarangire ilianzishwa 1970, ina kilomita za mraba kama 2,850. Mtu akisikia hifadhi anadhani wanyama wanakaa humo mwaka mzima. Hawakai. Kiangazi wanabanana humo kwa ajili ya mto. Mvua zikianza tu, nyumbu na pundamilia wanatoka: wengi wanashika mashariki kwenda mbuga za Simanjiro, wengine kaskazini mpaka karibu na Ziwa Natron. Nyumbu wanazalia Simanjiro. Nyasi za kule zina madini, fosforasi hasa, na mama anayenyonyesha anayahitaji. Sasa kule si hifadhini. Ni ardhi ya vijiji: Terrat, Sukuro, Emboreet, Loibor Siret. Ng'ombe wa watu wanakula nyasi hizohizo, ila msimu nyumbu wakizaa wafugaji wanasogeza ng'ombe mbali, maana ndama wa nyumbu wana ugonjwa ambao ng'ombe akiupata hana tiba. Wamepangiana zamu hivyo tangu enzi na enzi, bila asasi.

Trekta likiingia katikati ya hiyo zamu, wote wawili wamekwisha. Lolkisale waliliona hilo miaka ya 1980 kwenye mashamba makubwa ya maharage.

Kazi ya asasi basi ni kusaidia nyika ibaki nyika, kwa jina la kijiji chenyewe, kwenye karatasi yenye muhuri. Sheria ya kutegemea ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Kijiji kinapata cheti cha ardhi ya kijiji, kinapanga matumizi ya ardhi yake, kinatunga sheria ndogo, na mwishowe kundi zima la watu linaweza kupewa hatimiliki ya kimila ya pamoja. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata ya kwao 2011. Edward Loure wa UCRT, asasi ya haki za ardhi ya wafugaji na wawindaji, aliyeipigania sana njia hiyo, akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira 2016. Ni mtoto wa Simanjiro, na familia yake ni miongoni mwa walioondolewa Tarangire ilipofanywa hifadhi.

Hizo ni habari za magazetini, mnaweza kuzisoma wenyewe. Mimi nataka kuwaeleza watu walioko nyuma yake. Naendelea chini.

#2 Mpingo

Naweka kigoda mapema. Mkuu usije ukatuachia "itaendelea" halafu ukapotea kama wenzako.

#3 Vumbi la Simanjiro

Sipotei.

Naanza na dereva. Wa kwetu alikuwa mzee wa Kirangi kutoka Kondoa, alishakuwa barabarani miaka ishirini na ushee kabla asasi haijapata hata ofisi yenye choo cha ndani. Kwenye ripoti za mfadhili hayumo. Yumo kwenye jedwali la bajeti, mstari wa "usafiri", pamoja na tairi.

Mzee huyu hakuwahi hata siku moja kupeleka gari mpaka mlangoni kwa boma. Alikuwa anaegesha mbali chini ya mti, anazima injini, anashuka na kuanza kufuta kioo ambacho hakina vumbi. Anafuta mpaka mtoto atumwe kuja kuuliza ni nani. Sisi ndani ya gari tunaangalia saa. Nilimuuliza siku moja kwa nini asipige honi tu. Akaniambia, "Ukipiga honi wewe ni serikali. Ukisubiri wewe ni mgeni."

Halafu alikuwa anajua minada yote. Aliletwa afisa mpya, kijana ana shahada mbili, akapanga mkutano mkuu wa kijiji Jumamosi saa nne asubuhi. Mzee alikuwa anajaza upepo, akasema kama anaiambia tairi: "Jumamosi mnada." Hakuna aliyemjibu. Tukaenda. Tulikuta mwenyekiti, mtendaji, wazee wawili ambao walikuwa wagonjwa hawawezi kutembea mpaka mnadani, na mbwa. Akidi haikutimia. Kilomita mia na kitu kwenda, mia na kitu kurudi, na katoni nane za maji ya chupa tukarudi nazo.

Sasa elewa uzito wake. Mpango wa matumizi ya ardhi hauna uhalali mpaka mkutano mkuu wa kijiji uupitishe. Kamati inaweza kukesha, mpimaji anaweza kuchora ramani nzuri ya kutundika ukutani, lakini wananchi wasipokaa chini ya mti wakanyoosha mikono, huna kitu. Kwa hiyo mtu anayejua siku ya mnada ni mkubwa kuliko mtu anayejua kuchora ramani. Mshahara wao lakini ukiuona utadhani ni kinyume chake.

#4 Mkosoaji Mkuu

Hadithi tamu. Sasa tuseme ukweli: nyie ndio mnaopima ardhi za wafugaji halafu zinaishia kwa mwekezaji wa kizungu mwenye kitalu cha uwindaji. Mnatanguliza "hati ya kimila", nyuma inakuja hoteli. Au nadanganya?

#5 Vumbi la Simanjiro

Mkuu, hujadanganya kuhusu hofu. Hofu ni ya kweli na ina sababu.

Nitakupa mfano unaotuaibisha sisi wenyewe. Juni 2022 serikali iliweka bikoni, nguzo za mpaka, kule Loliondo kutenga kilomita za mraba 1,500, na mliona yaliyotokea: wafugaji walipinga, ikawa vurugu na polisi. Miezi michache baadaye sisi, kijiji kingine kabisa, wilaya nyingine kabisa, tukaingia na pikapu imejaa bikoni za zege. Kijiji chenyewe ndicho kilichoomba mpaka wa eneo la malisho uwekewe alama. Kila kitu kilikuwa kwenye muhtasari, sahihi zipo. Lakini watoto waliokuwa wanachunga waliona pikapu wakakimbia kupiga kelele kwamba wamekuja na mawe. Tulipofika kwenye kitongoji wakina mama walikuwa wamekaa katikati ya njia. Hawakutukana, hawakurusha kitu. Wamekaa tu, na vibuyu vyao.

Dereva alishasema toka asubuhi tufunike mzigo kwa turubai, au bora zaidi tusiende nao kabisa. Tuligeuza gari.

Ilichukua miezi minane kurudi pale. Safari hiyo hatukubeba bikoni. Tulibeba saruji na maboksi ya mbao, wanakijiji wakamwaga zege wenyewe, wakaandika jina la kijiji chao kwa msumari likiwa bado bichi. Kosa la herufi moja lipo mpaka leo kwenye bikoni ya saba, na hakuna anayethubutu kulirekebisha.

Kwa hiyo jibu langu: hatimiliki ya kimila haiwezi kuzuia kila kitu. Lakini kijiji chenye mpango uliopitishwa, sheria ndogo na hati kabatini kina pa kusimama kikiitwa wilayani. Kisicho navyo kinakwenda kuomba.

#6 Mkosoaji Mkuu

Umejibu nusu. Nusu nyingine nitairudia.

#7 kijana_wa_SUA

Kaka shikamoo. Mimi nimemaliza mwaka jana, natafuta kuingia sekta hii. Naomba kujua wanaangalia nini, na masilahi yakoje?

#8 Vumbi la Simanjiro

Marahaba mdogo wangu.

Masilahi: mkataba wa mwaka mmoja mmoja, hata ukikaa miaka tisa kama mimi. Benki ukienda kukopa wanauangalia mkataba wako kama barua ya mapenzi. Ukitaka utajiri rudi kalime vitunguu Mang'ola.

Wanachoangalia kwenye tangazo ni jipiesi, ramani za kompyuta, Kiingereza cha kuandikia andiko la mradi. Utakachohitaji ukifika ni kukaa. Namaanisha kukaa chini, saa nne, tano, kwenye kigoda kisicho na mgongo, ukisikiliza mtu anaanza habari ya mpaka kwa kueleza babu yake alioa wapi. Usimkatishe. Mpaka umo humohumo, atafika.

Na salamu. Mimi ni Mpare wa Same, nilikuja na Kiswahili changu cha shule. Wiki ya kwanza niliwasalimia akina mama wa Kimaasai "supai" kama wanaume, wakacheka mpaka mmoja akaweka ndoo chini. Mama anasalimiwa "takwenya", atajibu "iko". Watoto watakuletea vichwa, unagusa utosi. Usipogusa, mtoto atasimama hapohapo kukuinamia mpaka uaibike.

#9 Mhasibu Mstaafu

Nimesoma toka juu. Naomba mleta mada aseme kweli kuhusu masurufu, zile fedha za safari mnazopewa mkononi, maana nyie watu wa uwandani mlitutoa mvi.

#10 Vumbi la Simanjiro

Hahaha mzee wangu, nilijua lazima atokee mmoja. Sawa, ngoja nieleze kisa cha mbuzi.

Vijiji viwili vina mgogoro wa mpaka. Majina nayahifadhi. Karatasi za zamani, za wakati wa Operesheni Imparnati ya kuhamishia wafugaji vijijini miaka ya 1970, zinasema mpaka unapita "penye mgunga mkubwa". Mgunga wenyewe ulishaanguka, watu wakauchoma mkaa. Kila kijiji kina wazee wanaojua shina lilipokuwa. Tatizo ni kwamba hayo mashina mawili yako mbalimbali kama kilomita tatu.

Mpimaji wa wilaya akatoa jipiesi. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole kabisa, "Hicho kidude kilizaliwa mwaka gani?" Mpimaji akajibu. Mzee akasema, "Basi kikae chini, wakubwa wanaongea."

Siku ya kwanza wakaongea. Siku ya pili wakaongea, malaigwanani, viongozi wa mila wa Kimaasai, wa pande zote wakiwa wamekaa, sisi tumelala kwenye darasa la shule ya msingi juu ya madawati yaliyounganishwa. Bajeti ilikuwa ya siku moja. Nikampigia bosi kutoka juu ya kichuguu, ndipo mtandao unapopatikana, akaniambia fanya unachoona kinafaa halafu tutaona namna ya kuandika. Hiyo "tutaona namna ya kuandika" ikumbukeni.

Siku ya tatu jioni, mzee wa kijiji cha pili ambaye hakuwa amesema chochote akauliza swali moja tu: "Ukame wa 2009, ng'ombe wenu walikunywa wapi?" Kimya. Kila mtu pale alikuwa anajua. Walikunywa upande wa pili, na hakuna aliyewauliza habari za mgunga.

Ikaisha. Mstari ukapita katikati ya mashina mawili, na malisho ya pande zote mbili yakawa ya wote, hakuna kulima. Lakini haikuweza kuisha bila mbuzi. Akanunuliwa beberu mweusi, 85,000, kutoka kwa bwana mmoja wa boma la jirani. Akachinjwa, watu wakala, maneno yakafungwa.

Nikarudi Arusha na muhtasari wenye sahihi na dole gumba sitini na kitu, kitu ambacho mfadhili alikuwa anakisubiri mwaka mzima. Nikapita kwa mhasibu. Hakuutazama muhtasari. Akauliza, "Risiti ya EFD ya mbuzi iko wapi?" Ile ya mashine ya kodi.

#11 Mpingo

🤣🤣 Mbuzi hana TIN

#12 Mhasibu Mstaafu

Mnacheka, lakini mimi niko upande wa mhasibu. Mkaguzi akija hali nyama, anakula karatasi. Akikuta 85,000 haina kiambatisho anaandika "matumizi yenye shaka", na hiyo hoja moja inaweza kuchelewesha fedha za robo mwaka nzima, mishahara yenu ikiwemo. Mlikuwa mnatuona wabaya kumbe tunawalinda.

Na swali lingine la haki kabisa: mbuzi anaingia fungu gani? Ukimweka "chakula cha washiriki", idadi ya washiriki haiendani. Ukimweka "vifaa vya mkutano", utachekwa.

Tulichofanya sisi mwishoni ni kutengeneza fomu ya kukiri malipo. Muuzaji anaweka dole gumba, mtendaji wa kijiji anashuhudia na kugonga muhuri, na inaambatishwa picha ya bidhaa. Ndiyo, picha ya mbuzi. Akiwa hai.

#13 Vumbi la Simanjiro

Fomu hiyo ya kwetu ilikuja mwaka mmoja baadaye. Ya beberu mweusi ilikatwa kwenye mshahara wangu. Sina kinyongo, ila nikipita kwenye mpaka ule huwa najiambia kuna ekari kadhaa hapa nimezilipia mwenyewe.

#14 Binti wa Kiteto

Kaka Vumbi, unaeleza vizuri ila umeeleza wanaume wanaongea siku tatu. Wakina mama walikuwa wapi?

Mimi ni mtoto wa kifugaji. Mama yangu alikaa kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa sheria wajumbe ni saba na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake, kwa hiyo waliwekwa. Wakikaa nyuma. Nakumbuka mikutano ya asasi nikiwa mdogo: maafisa wanaongea na wazee toka mchana, halafu jua likiwa linazama, ng'ombe wanaingia bomani, ndama wanalia, ndipo afisa anageuka na kuuliza, "Akina mama mna swali?" Nani ana swali saa ya kukamua? Mama anasimama anasema hatuna, wanaandika kwenye ripoti kwamba wanawake walishirikishwa.

Aliyebadilisha hayo ni dada mmoja wa asasi, alikuja akalala kwetu. Alilala ndani, kwenye ngozi, na viroboto vyetu. Asubuhi akaenda na akina mama kisimani na punda, mkutano wake akaufanyia njiani. Huko ndiko walikomwambia kwamba ramani ya wazee imeweka eneo la kilimo juu ya njia ya maji. Njia hiyo wazee hawaitumii, wangeijuaje?

Na kwa Mkosoaji: kwetu Kiteto kuna OLENGAPA, malisho ya pamoja. Jina wamelitengeneza wenyewe kwa kuunganisha majina ya vijiji: Orkitikiti, Lerug, Ngapapa. Mifugo inapita bila kuulizana nani wa wapi. Sijaona hoteli pale.

#15 Vumbi la Simanjiro

Dada, nimepigwa na nimekubali. Siku zile tatu akina mama walikuwa wanapika chai yetu. Swali la kulima lilipokuja miezi baadaye, ni wao waliogundua kosa kwenye mchoro, na tulirudia kazi. Sikuliandika hapo juu kwa sababu… basi tu, sikuliandika.

#16 Mtu wa Kitengela

Habari zenu majirani. Sisi huku Kenya tulianza mambo haya kwa njia ya pesa. Mwaka 2000 kulianzishwa mpango Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi: mwenye shamba analipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka asiweke uzio, asilime, wanyama wapite. Malipo yalikuwa yanakuja wakati wa karo, na hiyo ilikuwa akili ya mtu aliyejua wazazi wanafikiria nini mwezi wa Januari.

Shida ni kwamba huku ardhi ilikuwa tayari imegawanywa, kila mtu na taito yake. Dalali akija na bei ya ploti, mia tatu ni nini? Ukipita leo Kitengela ni maduka, ua na mabati. Wale nyumbu wa zamani ni hadithi. Nyinyi mko na bahati, ardhi bado ni ya kijiji. Msikubali kukatakata.

#17 Vumbi la Simanjiro

Asante sana ndugu. Terrat walijaribu kitu cha kufanana na hicho: kampuni za utalii zilijiunga zikawa zinalipa kijiji kila mwaka ili uwanda wa wazi usilimwe. Tofauti ndiyo hiyo uliyoisema, pesa inaingia kijijini na mkataba ni wa kijiji, hakuna mtu mmoja wa kurubuniwa na dalali. Dalali anakuja hata hivyo, ila sasa anahitaji kurubuni mkutano mkuu mzima, na ng'ombe wa mkutano mkuu mzima ni wengi.

#18 Mkosoaji Mkuu

Nimerudi na nusu yangu. Mradi ukiisha, nyie mnaondoka. Kijiji kinabaki na makaratasi. Kwa nini mnaanza msichoweza kumaliza?

#19 Vumbi la Simanjiro

Hapo umenishika pabaya, maana ndiyo sababu ya "nusu hiari" yangu.

Fedha za mfadhili zinakuja kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza unaajiri na kujitambulisha, mwaka wa tatu unaandika ripoti ya mwisho na kutafuta mwingine. Ukihesabu, kazi yenyewe inapata mwaka mmoja na nusu. Mpango wa matumizi ya ardhi una hatua sita. Mvua ikikufungia barabara, ukapita uchaguzi wa serikali za mitaa ambao mwenyekiti mpya hataki kusikia la mwenyekiti wa zamani, akahamishwa afisa ardhi wa wilaya ambaye faili liko kichwani mwake, uko hatua ya nne na fedha imekata. Bajeti ina mafuta, posho, chapa za fulana. Haina mstari wa kusubiri. Nilijaribu kuuandika mara moja kwenye andiko, "siku za kusubiri", bosi akaufuta akacheka, kisha akaacha kucheka.

Wakapunguza watu. Waliopunguzwa kwanza ni sisi wa uwandani, kwa kuwa tulikuwa tumelipwa kutoka kwenye mradi, na waliobaki ni walioko kwenye fungu la utawala. Kijiji kimoja nilikiacha hatua ya tano. Namba yangu ya simu wanayo. Unadhani wanapiga ofisini? Wananipigia mimi. "Vumbi, hati yetu iko wapi?" Niko Same nauza vifaa vya umwagiliaji, mteja amesimama mbele yangu, naeleza hati iko wapi.

Hati ile ilitoka, nisije nikaacha watu roho juu. Afisa mmoja aliyebaki aliisukuma bila fungu lolote, kwa kudandia safari za mradi mwingine wa nyuki. Kwenye ripoti ya nyuki hilo halimo.

#20 kijana_wa_SUA

Kaka sasa unanitisha au unanishauri?

#21 Vumbi la Simanjiro

Vyote viwili. Omba kazi. Tangazo likisema "uzoefu miaka mitano", omba hivyohivyo. Ila jenga urafiki na dereva siku ya kwanza kabla ya bosi.

#22 Binti wa Kiteto

Na ulale bomani, uende kisimani siku moja moja.

#23 Vumbi la Simanjiro

Wakuu, nilikuwa nimefunga uzi lakini jana imetokea kitu, naona niwaambie.

Kila kijiji kinachotoa hatimiliki kinatakiwa kiwe na masijala ya ardhi, mahali pa kutunzia daftari na hati. Kwa vijiji vyetu masijala ni chumba kwenye ofisi ya kijiji chenye kabati la chuma. Asasi ndiyo ilikuwa inanunua kabati, fundi Arusha anatengeneza, linakuja na funguo mbili. Moja kwa mtendaji wa kijiji, moja ya akiba kwa mwenyekiti. Ndivyo tulivyokuwa tunaandika kwenye hati ya makabidhiano.

Jana saa tatu asubuhi mwenyekiti wa kile kijiji cha hatua ya tano ananipigia. Kuna mtu ameingiza trekta kwenye malisho, ameshafyeka kama ekari kumi, anasema eneo ni la ukoo wake. Baraza la Ardhi limekaa, limemwita, wanataka kumwonyesha hati na ramani. Kabati limefungwa. Mtendaji alihamishwa mwezi wa tatu, ufunguo umeondoka naye kwenye begi, simu haipatikani. Ufunguo wa akiba ulikuwa wa mwenyekiti wa zamani, alishindwa uchaguzi, na anasema hajawahi kuuona. Ananiuliza: tufanyeje, tuvunje?

Nikamwambia asivunje. Nikampigia yule mzee wa Kondoa. Amestaafu, yuko shambani kwake anavuna ufuta. Nikaanza kumweleza, hakuniachia nimalize.

"Ninao," akasema.

Siku ile ya makabidhiano alipita kwa fundi njiani, akachongesha ufunguo wa tatu kwa pesa yake, akautia kwenye pete ya funguo zake pamoja na ya nyumba. Nikamuuliza mbona hukumwambia mtu. Akasema alimwambia afisa, afisa akamjibu kwamba hilo haliko kwenye utaratibu.

Ufunguo amempa kondakta wa basi la Kondoa–Babati jana mchana. Unalala Babati, leo unapanda gari nyingine. Mwenyekiti amesema baraza halijavunjika, wamekaa palepale, na mwenye trekta naye amekaa, wanampa chai.